Kibao cha Shingoni Kilipohamia Kwenye Simu

Ipo siku moja ya utoto wangu, mwanangu, ambayo nilirudi nyumbani nikicheka, na baba yangu akanikatisha kicheko kwa maneno machache tu. Naanza na siku hiyo kwa sababu kama ningeishika vizuri, leo nisingekuwa na haja ya kukuandikia wewe unayeanza ualimu.

Tuliishi hapahapa Likasi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, na mikono yake ilijaa alama za moto. Mimi nilikuwa darasa la tano kwa mapadri. Shuleni kwetu Kiswahili kilikuwa marufuku. Aliyetamka neno lake moja, hata akiomba maji ya kunywa, alivishwa shingoni kibao cha mti chenye kamba, tulichokiita simboli. Ulikivaa mpaka umnase mwenzako akisema Kiswahili, ndipo umvishe yeye. Aliyekutwa nacho Ijumaa alikwenda nacho kwao, akapita nacho sokoni na kanisani, akarudi nacho Jumatatu.

Ijumaa ile kilikuwa shingoni mwangu. Kengele ilikaribia kulia, nikaiona aibu ya mtaani inakuja. Basi nikamfinya rafiki yangu Nsenga pajani, chini ya dawati, kwa kucha. Akalia, "Unaniumiza!" Kwa Kiswahili, kwani mtu akiumia hatafuti kamusi. Nikamvisha kibao. Nyumbani nikamsimulia baba ujanja wangu, nikingoja sifa.

Baba alikuwa anakula. Akasogeza pembeni sahani ya bukari, ugali wetu.

"Nsenga alikosa nini?"

"Alisema Kiswahili, papa."

"Na weye sasa unasema nini na minye?"

Kicheko changu kikaishia hapo.

"Enda kwabo," akasema. "Omba ile kibao, uvae weye mpaka lundi. Na siku utakuwa mukubwa, usifunge mutoto wa muntu ile kitu mu shingo. Unasikia?"

"Minasikia, papa."

Nilikifuata, nikakivaa mpaka Jumatatu, nikaenda nacho misani. Watu walinitazama. Nikamwahidi baba, na siku ile niliahidi kwa moyo wangu wote.

Sasa sikia nilivyoitunza ahadi hiyo. Nilimaliza sekondari ya ualimu, nikapewa darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Kikula, na mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwomba seremala anichongee kibao. Naam, mimi. Kila mwalimu alikuwa nacho, na mwalimu kijana huogopa kuonwa mlegevu kuliko anavyoogopa dhambi. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu. Nilikitumia kibao kile hadi nywele zikawa nyeupe, na hakuna aliyeniuliza neno.

Nilikuwa nakaribia kupumzika kazi pale shule yetu ilipopata tableti chache na mashine ya kurusha picha ukutani, pamoja na paneli ya jua ya kuziwasha. Paneli, kwa sababu umeme wenyewe sisi tunausikia tu. Mitambo ya umeme ya Koni iko jirani yetu, nyaya zinapita juu ya mabati yetu zikienda kulisha mashine za wakubwa, na mtoto wa Kikula anasomea mshumaa. Hilo ni kosa jingine, mwanangu, na wenye kosa hilo hawasomi nasaha za wazee. Nirudi kwetu.

Aliyetufundisha kutumia vyombo hivyo alikuwa Mamzelle Odile, mwalimu wa darasa la tano, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Siku ya kwanza aliniambia nifungue ukurasa wa pili. Nikalamba kidole, nikakipitisha kwenye kioo kama nilivyozoea kufunua daftari. Kioo kikabaki na mate na vumbi la chaki. Nikalamba tena. Nilipoinua macho nikamwona Mwalimu Kabwe, kijana wa darasa la nne, ananirekodi kwa simu yake huku mabega yanamtikisika.

"Ile njo ya kutuma kwa bantu bote," alisema Kabwe. "Papa Ilunga analamba tableti kama mwiko ya sombe."

Walimu wakacheka. Nami nikacheka nao, kicheko kile cha mtu asiye na pa kukimbilia.

Odile hakucheka. "Kabwe, futa."

"Aa, Mamzelle, ni mchezo tu."

"Futa. Mbele yangu. Kabla haiyatumwa."

Alisimama juu yake mpaka akafuta. Kisha akarudi kwangu, akapangusa kioo kwa pindo la kitenge chake, akasema kwa upole, "Papa, hapa hatulambe. Unapitisha kidole tu, polepole. Ona." Hakulitaja jambo lile tena, wala sikumbuki kama nilimshukuru.

Nilijifunza. Usidhani mzee hawezi. Baada ya muda nilitundika shuka jeupe ukutani, nikawaonyesha watoto mto Lufira kutoka juu, jinsi unavyojipinda na mahali maji yanapozuiwa. Watoto ambao kila siku walipiga miayo wakasimama juu ya madawati ili waone. Mmoja akauliza, "Monsieur, nyumba yetu iko wapi?" na tukaitafuta wote mpaka tukaliona paa lake. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijui kama niliwahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile. Nakwambia haya ili usije ukanisikia vibaya huko mbele na kusema mzee huyu anachukia mashine.

Basi mkuu wa shule akaamua kwamba kila darasa liwe na kundi la wazazi kwenye simu, mwalimu awatumie kazi za nyumbani na matangazo. Wazo zuri. Na hapo ndipo kichwa changu cha zamani kilipokutana na chombo kipya. Nikasema moyoni, kibao hiki siku hizi hakiendi tena nyumbani, wanakiona wanafunzi wa darasa moja tu, kinapotea bure. Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa nilimpiga picha mtoto aliyekutwa na kibao shingoni na kuituma kwenye kundi, na juu yake niliandika, "Mwanafunzi wa wiki."

Wazazi walijibu kwa vile vikatuni vya uso unaolia kwa kicheko. Mkuu wa shule akanipiga bega mbele ya wenzangu. "Papa Ilunga, ile njo modernité." Kwake huo ndio ulikuwa usasa. Kabwe akaiga darasani kwake. Kiswahili kikapungua darasani mwangu, kweli kikapungua. Na maswali yakapungua pamoja nacho, lakini hayo sikuyahesabu. Nyani haoni kundule.

Alikuwapo msichana aitwaye Mujinga, jina la Kiluba lisilohusiana na ujinga. Mama yake, Maman Kapinga, anatwanga na kuuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, soko la Kikula. Baba yake anafanya kazi migodini Kakanda na huja nyumbani mara chache. Mujinga alikuwa na akili ya hesabu kuliko wote niliowafundisha miaka ile. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa karibu, na mama yake alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba huyu atakwenda sekondari, wa kwanza katika nyumba yao.

Siku moja nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu. Nimerusha ukutani duara zenye rangi, zinagawanyika zenyewe, nami nazungumza Kifaransa changu kizuri. Watoto walitazama rangi. Hawakuelewa kitu. Mujinga akamwinamia jirani yake Thérèse, akamnong'oneza: "Waza mukate. Mama anakata kati, njo demi, nusu. Sasa anakata tena kila kipande. Unapata ngapi?" Nikauona uso wa Thérèse unafunguka. Nimeishi kwa ajili ya kuona nyuso zikifunguka namna ile, mwanangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe, hakuna nyingine. Na mimi nikaona nini? Nikaona kosa.

Nikamwita mbele, nikamvisha kibao, nikamsimamisha kando ya shuka. Alikuwa anatazama sakafu. Nikamwambia ainue uso ili picha itoke vizuri.

Neno hilo ndilo linaloniamsha hata sasa.

Nikatuma. Mjomba wa mtoto fulani akaipeleka kwa rafiki zake, wao wakaipeleka kwingine, na kufikia Jumapili watu walikuwa wanaionyeshana nje ya kanisa. Kwenye bomba la maji wasichana wakampa jina. "Simboli, ondosha ndoo yako. Simboli, sema bonjour kwa maji." Jumatatu dawati lake lilikuwa na mtu mmoja tu, Thérèse. Jumanne pia. Wiki ikaisha.

Nikaenda sokoni kwa mama yake. Alikuwa anatwanga, hakuinua macho.

"Maman, Mujinga eko mugonjwa?"

"Apana. Eko Kakanda, kwa shangazi yake. Anasafisha majiwe ya shaba mu maji."

"Na mutihani?"

"Mutihani ya nini? Anasema hatarudia mu masomo. Anasema bantu bote banajua sura yake."

Nikatoa simu yangu. Nilikuja nimejiandaa, niliona nina dawa mkononi. Nikaitafuta ile picha, nikaifuta mbele ya macho yake, nikamwonyesha mahali ilipokuwa. "Ona, Maman. Imekwisha."

Akaacha mtwangio. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akatoa simu yake mwenyewe kifuani, akaifungua, akaninyooshea. Mujinga alikuwa mle, ameinua uso, kwa sababu nilimwambia ainue.

"Kwako imekwisha," alisema. "Kwangu iko. Kwa baba yake iko, benzake ba kazi banamuonyesha kila siku, banamuuliza mutoto wako bakamulipa ngapi ya kusimama vile. Papa Mwalimu, ulifikiri simu ni ubao?"

Mwanamke wa meza ya pili, muuza samaki wakavu, akadakia bila kugeuka: "Mumupe kitambaa, apanguse Kakanda yote."

Wakacheka, na walikuwa na haki. Kweli nilifikiri simu ni ubao. Maisha yangu yote nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna ubao ambao ukishauandika, kila aliyeuona anaondoka na kipande chake. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tafadhali usinihurumie kwa hilo. Hata kama picha ingefutika, mtoto alikuwa amekwisha kusimama pale.

Nikamwendea Odile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa, yako nilifutisha siku ile. Ya Mujinga nani alifutisha?"

Nikaigeuza simu yangu uso chini.

"Na minye pia niliiona," akaendelea, macho yamejaa. "Niliona zote, kila Ijumaa. Nilinyamaza sababu weye ni mukubwa wangu."

Hapo, mwanangu, hasira ilinipanda, na haikuwa juu yake. Ilikuwa juu ya heshima ya namna hiyo, tuliyoijenga sisi wenyewe wenye mvi. Kijana mmoja anaona moto unawaka nyumbani na hasemi, kwa sababu anayewasha ni mzee. Heshima hiyo ni ya nani? Inamfaa nani? Kabwe alikuwa kijana mwenzake, akamwamuru afute. Mimi nilikuwa mzee, akaniacha nichome.

Odile aliniambia kwamba picha haiwezi kurudishwa, ila naweza kutuma kitu kingine nyuma yake, kwa watu walewale, kwa jina langu mwenyewe. Kwa sauti yangu, na kwa Kiswahili, ili kila mzazi asikie bila mkalimani.

Mkuu wa shule alikataa. Akatuita walimu wote. "Mwalimu akiomba mutoto pardon, kesho atafundisha nani? Batatupanda ku kichwa." Mmoja akasema, shiye pia tulivaa simboli, na tumekomaa. Mwingine akasema ubaya ni wa simu, zifungiwe kabatini pamoja na tableti, turudie chaki na amani.

Sikiliza maneno hayo mawili, kwa sababu utayasikia maisha yako yote. Tulivaa, tukakomaa. Ndiyo, tulikomaa, ngozi ya kisigino nayo hukomaa, na sababu yake ni kwamba haihisi tena. Tulikomaa mpaka tukaweza kumwambia mtoto ainue uso ili aibu yake ionekane vizuri, tukaenda nyumbani tukala. Na hao wanaosema simu ndiyo mbaya wananiudhi zaidi, kwa sababu wananipa mlango wa kutorokea na mimi siutaki. Simu haikuchonga kibao. Simu haikumwita Mujinga mbele. Tableti ileile ilitafuta mapaa ya nyumba zetu, na watoto wakafurahi. Unataka kuifungia kabatini na kuacha kibao kikining'inia ukutani?

Nilituma sauti hata hivyo. Nilisema: "Mimi ni Papa Ilunga, mwalimu wa darasa la sita. Mujinga hakukosa. Alikuwa anamfundisha mwenzake kitu ambacho mimi nilishindwa kukifundisha. Aliyekosa ni mimi. Mwenye picha ile aifute, na asiyeifuta ajue anatunza aibu yangu, si ya mtoto." Vikatuni vya kucheka havikuja. Wachache waliweka kidole gumba. Mzazi mmoja akauliza kazi ya nyumbani ya hesabu itatumwa saa ngapi.

Kisha nikaenda Kakanda. Nilimkuta mtoni, maji yamefika magotini, anatikisa chekeche ya mawe pamoja na shangazi yake. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kubadilika rangi. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi. Nilimwambia arudi, mtihani uko karibu, nami nitakaa naye kila jioni.

Alitikisa chekeche kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Monsieur, nikirudia, benzangu batavaa tena?"

"Mu darasa yangu, hapana. Kibao nimekichoma."

"Na kwa Monsieur Kabwe?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mtoto, na mimi nilimhitaji arudi kuliko yeye alivyohitaji kurudi. "Kwa Kabwe, sijui," nikasema.

"Basi ingali iko," akasema, akainamia mawe.

Mtihani ulifanyika bila yeye. Mwaka uliofuata mama yake alikwenda kumchukua kwa nguvu, na Odile, ambaye alikuwa amepewa darasa langu baada ya mimi kupumzika, akamkalisha dawati la mbele. Alifaulu. Sasa yuko sekondari, na njia yake ya shule inapita mbele ya nyumba yangu. Huwa nimeketi barazani. Namwambia, "Mujinga, umelamuka?" Anasimama, kwa sababu amelelewa vizuri, anainamisha kichwa kidogo, ananijibu: "Bonjour, Monsieur. Vous allez bien?" Kifaransa safi, hakina doa, ndicho hasa nilichokuwa nakidai. Anangoja nijibu, kisha anakwenda. Hata siku moja hajanijibu kwa Kiswahili. Odile aliniambia kwamba mwaka mzima aliokaa naye darasani, Mujinga hakumweleza jirani yake kitu tena. Anamaliza hesabu zake, anafunika daftari kwa mkono.

Nikadhani basi kosa langu litawafunza wengine. Wiki iliyopita mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Shule nyingine ya hapahapa mjini, mtoto mwingine mdogo, amepigishwa magoti, karatasi ya sifuri imebandikwa kifuani. Chini yake watu wazima wamecheka, mstari baada ya mstari. Nilimwomba aiondoe machoni pangu. Baadaye nikamwita tena, nikamwomba anitafutie namba ya mwalimu huyo, na nilimpigia. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Papa, hizi ni mambo ya siku hizi." Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani kabisa.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayesimama mbele ya watoto ukiwa na chombo mkononi, nakuomba hivi. Jifunze chombo chako, usikiogope, hata ukikilamba siku ya kwanza. Lakini kabla ya kukipeleka darasani, chungulia kwanza moyoni mwako uone unakwenda nacho kufanya nini, kwani chombo kipya hakibadilishi mkono unaokishika, kinaurefusha tu. Kosa la mtoto lisitoke nje ya kuta nne. Ukiona mtoto anamfundisha mwenzake, kwa lugha yoyote ile, nyamaza, keti, usikilize, maana kazi yako inafanyika. Na ukimwona mzee kama mimi anamwaibisha mtoto, mwambie "futa, mbele yangu", tena mbele ya watu, usingoje mvi zako. Atakasirika. Acha akasirike. Mimi ningekasirika siku moja, na Mujinga angefanya mtihani wake.

Mungu aliyekupa watoto wa watu uwalee akupe mkono mwepesi na jicho la huruma. Akuepushe na sifa za wenye kucheka. Nuru isikukatikie darasani, ya umeme wala ya akili. Na mtoto uliyemfundisha, siku mtakayokutana njiani nyote mkiwa watu wazima, asimame mwenyewe bila kuitwa, akuamkie kwa lugha anayootea ndoto zake usiku.